Munduk, Bali: siku tano kwenye kijiji cha karafuu, na kiwanja ambacho hatukukinunua

Harufu ndiyo iliyotupokea. Gari lilipoacha ukingo ulio juu ya maziwa ya milimani na kuanza kuteremka kona baada ya kona, dereva alishusha kioo, na mimi nikajiona niko Wete msimu umechanganya, majamvi yametandazwa mpaka barazani na watoto wanafukuzwa wasikanyage karafuu. Shemeji yangu, aliyekaa mbele anaperuzi bei za viwanja kwenye simu, akageuka: "Hii si Pemba hii?"

Ni Munduk, kaskazini mwa kisiwa cha Bali, tarafa ya Banjar, wilaya ya Buleleng. Kutoka uwanja wa ndege wa Ngurah Rai tulitumia karibu saa tatu, na dereva wetu hakuwa mtu wa kusinzia. Kijiji kimekaa mgongoni mwa kilima: barabara moja, nyumba pande mbili, na nyuma ya kila nyumba bonde. Wakati wa ukoloni Wadachi walikuwa wakipanda huku kukimbia joto la pwani. Usiku wa kwanza niliwaelewa, maana nilivaa sweta la mume wangu juu ya langu.

Nieleze tulifuata nini, kwa sababu anayetalii na anayetaka kununua hawatazami kitu kwa jicho moja. Shemeji anaishi Muscat. Aliona tangazo la kiwanja Munduk, picha ya bonde lenye ukungu, na chini yake maneno matamu juu ya faida ya kila mwezi. Mimi nina vyumba vinne vya wageni Jambiani, Unguja, basi akanichukua niwe jicho lake. Mume wangu alifuata maporomoko ya maji, na kwa kweli yeye ndiye aliyerudi ameridhika kuliko sote.

Tulilala nyumba ya familia yenye vyumba vitatu vya wageni, rupia 350,000 kwa chumba kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Shuka safi, chandarua hakina tundu, kibaraza kinatazama bonde, na siku ikiwa nyeupe unaiona bahari kwa mbali. Lawama yangu ni bafu: maji ya moto yanatosha kujipaka sabuni, hayatoshi kuitoa. Majogoo wanaanza saa tisa za usiku na mbwa wanawajibu. Hayo ningeyavumilia, ila ukuta wa chumba chetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba shemeji akipiga hesabu zake upande wa pili tulimsikia mpaka kwenye jumla.

Kilichonipendeza zaidi ni wenyeji wenyewe. Mwenye nyumba ni mtoto wa nne kwa mama yake, na huko majina hufuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo nusu ya kijiji wanaitwa kama yeye. Sisi tulimwita Pak, yaani baba, kama wanavyomwita vijana. Asubuhi mkewe alipita akiweka visahani vya majani ya mnazi mlangoni, ndani maua, punje za wali na kijiti cha udi kinachofuka, kisha anauliza "Apa kabar?" Kabar, habari. Mpaka siku ya tatu tulikuwa tumeokota neno moja moja: waktu, dunia, rezeki, meja. Mengine tumeyachota sote kwa Mwarabu, na meza tumeachiwa sote na Mreno. Simu ilitutafsiria yaliyobaki, mara nyingi vibaya.

Sasa karafuu. Tulifika Agosti, katikati ya uchumaji, na kama unaweza kuchagua mwezi, chagua huo. Kwetu mchumaji anaingia ndani ya mti, anavuta matawi kwa ngoe, na mwenye shamba anakaa chini akipiga kelele asivunjiwe. Munduk wanatumia ngazi ya mti mmoja: mwanzi mrefu kuliko mkarafuu wenyewe, umetobolewa na kupitishwa vijiti vya kukanyagia, unasimamishwa ubavuni mwa mti na kufungwa kamba kwenye miti ya jirani, mfano wa mlingoti wa jahazi. Mtu anapanda mpaka juu kabisa, kikapu mgongoni, na mwanzi unayumba naye. Nilimtazama mmoja kwa nusu saa nzima na viganja vyangu vikalowa jasho. Tawi halikuvunjika hata moja.

Jioni wakakaa barazani kuchambua. Kishada kinashikwa mkono mmoja, kinasuguliwa kwenye kiganja cha mwingine, karafuu zinaanguka huku na makonyo, vijiti vyake, kule. Sikuombwa, nilikaa tu na kuanza. Mama mwenye nyumba akaniangalia mikono, akaangalia uso, akawaita majirani. Nadhani hawakuwahi kuona mgeni anayechambua haraka kuliko wao. Makonyo wanayaweka gunia lake, yanauzwa kwa wakamua mafuta, kama yetu yanavyokwenda kiwandani Wawi. Ila wao wanafagia hata majani makavu chini ya miti, nayo yanakamuliwa. Majani! Sisi tunayachoma.

Mpemba hawezi kukaa pale bila uchungu kidogo. Asili ya mti huu ni visiwa vya Maluku huko huko Indonesia. Mfaransa akauiba ukafika Mauritius mwaka 1770, na kwetu ukaja mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye mambo yakageuka: Waindonesia wakawa wateja wetu wakubwa, kwa sababu sigara yao ya kretek inachanganya tumbaku na karafuu, na zao lao halikutosha. Miaka ya 1970 wakaanza kupanda kwa nguvu, wakajitosheleza, na bei yetu ikaporomoka. Kumbe vilima kama hivi ndivyo vilivyotufungia soko. Nilipomwambia Pak, akacheka, akanieleza ya kwao: miaka ya 1990 biashara yote ya karafuu ilikabidhiwa mnunuzi mmoja, chini ya mtoto wa Rais Suharto, bei ikaanguka na wakulima wakakata miti kwa hasira. Mnunuzi mmoja, shirika la serikali, tunamjua hata sisi, na ndiyo maana Pemba neno magendo halihitaji tafsiri. Tukanywa kahawa juu ya hilo.

Kahawa yao ni ya robusta, inakorogwa na machicha yake kwenye glasi, inaachwa itue. Tamu sana. Ile ya luwak, inayopitishwa tumboni mwa mnyama wa jamii ya ngawa, usinunue; mahali tulipoonyeshwa, mnyama alikuwa kizimbani mchana kutwa, anazunguka palepale.

Kwa Mwislamu, chakula kinahitaji kuulizia. Bali ni ya Wahindu na nguruwe wa kuchoma ndiye fahari yao. Tuliishi kwa wali, tempe ya maharage ya soya, mboga za majani zilizochanganywa na nazi ya kukuna, na samaki. Bedugul, njiani, kuna Waislamu wengi na msikiti wa Al-Hidayah juu ya ngazi nyingi, mbele yake Ziwa Bratan lote. Ijumaa tuliswali hapo. Chini yake ziwani ndipo lilipo hekalu la Ulun Danu, lililowahi kupamba noti ya rupia 50,000. Buleleng hiyo hiyo kuna kijiji cha Pegayaman, Waislamu wa Bali wa miaka mingi, ambao bado wanawapa watoto majina ya zamu ya kuzaliwa kisha wanaongeza la Kiislamu.

Maporomoko ni mengi na yako karibu. Munduk na Melanting unayafikia kwa miguu kutoka barabarani, ukipita chini ya mikarafuu na mikakao. Vaa kiatu chenye meno. Bembea za kupigia picha ukingoni Wanagiri zipite tu, utalipia foleni. Lakini Ziwa Tamblingan usilikose: hakuna boti za injini, mtumbwi unateleza kimya, na msitu unaoshuka mpaka majini, Alas Mertajati, ni mtakatifu kwa vijiji vinne, Munduk, Gobleg, Gesing na Umejero. Wanaulinda kwa sababu maji yao yote, wanasema, yanaanzia pale. Shika neno hilo la maji.

Siku ya tatu dalali alikuja. Kijana nadhifu, pikipiki mpya, ramani kwenye simu. Huko ardhi inauzwa kwa are, yaani mita za mraba 100, na shemeji alionyeshwa are kumi na mbili: nusu mikarafuu, nusu matuta ya mpunga, mteremko wa kumtisha mbuzi. "Mtamiliki moja kwa moja," akasema. Hati itaandikwa jina la mwenyeji, kisha mtaandikiana pembeni kwamba mali ni yenu.

Nikamuona shemeji macho yanang'aa, na mimi moyo ukanishuka, kwa sababu mchezo huo nauona Jambiani kila mwaka, mgeni akijenga kwa jina la rafiki, na rafiki akifa warithi wanakuja na wakili. Indonesia sheria iko wazi tangu 1960: umiliki kamili, hak milik, ni wa raia. Mgeni akiupata kwa njia ya pembeni, mauziano ni batili, ardhi inarudi kwa serikali, na pesa iliyokwisha kulipwa haidaiwi. Nilimsomea shemeji kipengele hicho mara mbili, kifungu cha 26.

Njia za halali zipo. Unaweza kukodi kwa mkataba mbele ya mthibitishaji, miaka mnayokubaliana, na kwa kawaida kodi yote inatangulizwa. Ipo haki ya kutumia, hak pakai, kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi: miaka 30, nyongeza 20, na kuhuishwa 30. Au unafungua kampuni ya kigeni, ambayo mpango wake wa uwekezaji unatakiwa uzidi rupia bilioni 10 bila kuhesabu ardhi na jengo. Shemeji alipoibadili hiyo kwa riali za Omani, usiku huo upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya.

Mimi nilimuuliza dalali mambo matatu. Maji yanatoka wapi? Akanionyesha machweo. Hekalu la karibu liko umbali gani? Akanionyesha mahali pazuri pa bwawa la kuogelea. Mwezi wa Januari wageni ni wangapi? Akasema wengi. Basi jioni nikamuuliza Pak. Yeye alinishika mkono tukashuka mpaka kwenye matuta yale ya mpunga, akanionyesha mfereji mwembamba kuliko kanga iliyokunjwa. Ule mfereji ni wa subak, ushirika wa wakulima wanaogawana maji kwa zamu, na mashamba ya chini yanaungoja. Ukijenga bwawa pale juu, hujanunua ardhi tu, umekaa kwenye koo la watu. Karibu na hekalu kuna mipaka ya ujenzi, jengo kisiwani kote halitakiwi kupita mita 15, yaani urefu wa mnazi, na ukiishi hapo utachangia shughuli za kijiji, hutaki unataka. Nayaona yote ya haki. Tatizo langu ni kwamba katika tangazo hayakuwemo.

La Januari nilijijibu mwenyewe. Ni kilele cha masika yao, ukungu unaingia mpaka chumbani, na mgeni wa kawaida hulala Munduk usiku mmoja au miwili kisha anateremkia pwani ya Lovina kutafuta jua. Barabara nzima ina vibao vya vyumba, na Agosti, msimu wenyewe, nilihesabu nyumba kadhaa zenye funguo zote ukutani. Mwenye vyumba vinne anajua kusoma ubao wa funguo. Faida ile ya kila mwezi iliandikwa na mtu asiyewahi kuosha shuka.

Kwa hiyo: ukienda kama mgeni, kaa usiku wanne au watano, kwa familia, na usipange mengi. Ukienda na pesa, kodi chumba au nyumba iliyokwisha jengwa, muda mfupi, mwenye ardhi akiwa mshirika wako wa kweli na si jina la kuazima, na mikarafuu ibaki. Mti unaohitaji miaka sita, saba kabla ya kuzaa haukatwi ili kufungua mandhari. Kwangu kijiji kinapata nne katika tano, na ile moja nimeikata kwa ajili ya bafu.

Shemeji hakununua kiwanja. Alinunua kilo mbili za karafuu kwa Pak, akazifunga vizuri, akazipeleka Muscat kwa mama yake, mzaliwa wa Wete kama mimi, bila kumwambia zimetoka wapi. Mama mkwe akatia mkono kwenye mfuko, akaivunja moja kwa kidole gumba, akasikiliza. "Nani kakuuzia hizi?" akauliza. "Zilihitaji jua la siku moja zaidi."