Kahawa tungu ya Sokomuhogo, na mjadala wa kuvuka mpaka

Anayetaka kahawa ya kweli Mji Mkongwe amfuate huyu bwana wa uchochoroni Sokomuhogo baada ya sala ya alasiri. Anapika kwa makaa, dele halitoki motoni, tangawizi anaitwanga pale pale. Unainywa tungu, unaisindikiza na kashata ya njugu ambayo sukari yake haikuungua.

Lakini wengi wetu tunafuata baraza. Televisheni ikionyesha ndege za nchi fulani zinapiga ng'ambo ya mpaka kwa sababu raia wake wameuliwa, hanyamazi mtu. Juzi kijana mmoja alishikilia kuwa anayeuwa watu wako umfuate kwake ukammalize. Akaitaja Kenya: watu walitekwa upande wa Lamu, na Oktoba 2011 jeshi likaingia Somalia. Mwenzake akamjibu, "Na Westgate ikaja 2013, roho 67. Garissa 2015, roho 148. Usalama uko wapi?" Kijana akasema wasingeingia ingekuwa mbaya zaidi. Hilo nani atalipima?

Akasema mzee aliyepigana vita vya Kagera, na yeye si msemaji. Amin alivamia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakauliwa, ng'ombe wakaswagwa. Mwalimu akatangaza kuwa uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Akatolewa. Halafu tukavuka kuingia Uganda, na Mutukula ikabomolewa kwa hasira ya Kagera, mpaka Mwalimu mwenyewe akakataza raia wasiguswe; hata hivyo Masaka nayo ikabomolewa. "Amin tulikuwa na haki naye," mzee alisema. "Nyumba za Masaka zilitukosea nini?"

Mimi niko na mzee. Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinaipa nchi iliyoshambuliwa haki ya kujilinda, na sioni kwa nini haki hiyo ikome kwenye jiwe la mpaka ikiwa muuaji amejificha nyuma yake. Ila umpige yeye. Oktoba 2020 wauaji walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaingia Kitaya, Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Nilitaka walipe, na hadi leo nataka. Lakini ng'ambo ile, Cabo Delgado, wako Wamakonde vilevile, nao wamezikimbia nyumba zao kwa sababu ya watu hao hao. Bomu likiwaangukia wale, aliyechinja Kitaya amelipa nini? Kijana hakukubali. Alisema muuaji akijua utamwonea huruma jirani yake, atajificha kwa jirani kila siku. Ni hoja nzito, na watu waliibeba mpaka adhana ya magharibi.

Bei haimshindi mtu. Mahali pa kukaa ni baraza la saruji tu, mwenye maumivu ya mgongo aje na mto. Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya vikombe: vinasuuzwa kwenye ndoo moja, maji yale yale hadi isha, na nimeshamwambia.