Seti ya DNA ya iGEM: inafundisha vizuri kuunganisha jeni, lakini kuzalisha ni kazi nyingine

Seti hii huwezi kuinunua dukani. iGEM, mashindano ya kimataifa ya bayolojia sanisi (uhandisi wa jeni), huwapa timu zilizosajiliwa, na ada ya timu ni maelfu ya dola, kwa hiyo mwalimu au chuo kinachotaka kuanzisha mradi wa bayolojia sanisi kina haki ya kuuliza kinapata nini. Mashindano yalitokana na kozi ya wanafunzi ya Januari 2003 pale chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 2004 timu zilikuwa 5 tu. Siku hizi timu kutoka mabara yote hukutana Paris.

Ndani kuna sahani za plastiki za visima 384 (safu A hadi P, namba 1 hadi 24), kila kisima kikiwa na DNA iliyokaushwa na kufunikwa kwa karatasi ya foili. Usiibandue foili. Ukiibandua, chembe za kisima kimoja huangukia cha jirani na hutajua umechukua nini. Hakikisha kona ya A1 iko inapotakiwa, toboa foili juu ya kisima chako kwa ncha ya pipeti, weka mikrolita 10 za maji safi yasiyo na vimeng'enya vinavyokata DNA, vuta na kusukuma mara kadhaa, subiri dakika 5. Mikrolita 1 inatosha kwa jaribio moja. Inayobaki ihifadhi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

DNA iliyomo ni kidogo mno, na hapa ndipo timu nyingi hukwama na kuilaumu seti bure. Kinachoshindwa kwa kawaida ni seli za bakteria zilizoandaliwa kupokea DNA. Zipime kwanza. Chukua plazmidi (duara dogo la DNA) ya majaribio yenye pikogramu 100 kwa mikrolita, weka mikrolita 1 kwenye mikrolita 50 za seli, ziache kwenye barafu dakika 30, kisha nyuzi 42 kwa sekunde 45, kisha barafu tena. Ongeza mikrolita 950 za mchuzi wa kuzilisha, zitikise kwa nyuzi 37 saa nzima, halafu mwaga mikrolita 100 kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria. Hapo umepanda pikogramu 10 za DNA. Yakiota makoloni 100, seli zina uwezo wa makoloni milioni 10 kwa kila mikrogramu, na unaweza kufungua seti. Yasipofika 10, andaa seli upya. Seli zilizoyeyuka umeme ulipokatika zikagandishwa tena usizihesabu kabisa.

Ile saa moja ya kutikisa msiifupishe. Plazmidi zenye kinga dhidi ya dawa za kuua bakteria, kloramfenikoli au kanamaisini, zinahitaji muda bakteria watengeneze protini ya kinga kabla ya kukutana na dawa. Ni ampisilini tu inayovumilia haraka. Kloramfenikoli huyeyushwa kwenye ethanoli, kanamaisini kwenye maji, na zote mbili hutiwa agari ikishapoa hadi nyuzi 55 hivi. Kabla ya kumwaga sahani, soma tena plazmidi yako ina kinga ya dawa gani.

Vipande vyenyewe vya DNA vinastahili sifa. Mfululizo wa promota (vipande vinavyowasha jeni) za Anderson, J23100 na wenzake, ni hazina kwa mwanafunzi: J23106 ina nguvu kama nusu ya J23100, na J23114 kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo unaweza kupima jinsi mzigo wa kutengeneza protini unavyoidhoofisha seli. Kuna pia protini za rangi zinazoonekana kwa macho bila mashine yoyote, kama amilCP ya buluu. Udhaifu uko kwenye mbinu ya zamani ya kuunganisha vipande, RFC10: kovu la TACTAGAG linalobaki kati ya vipande lina TAG, ishara ya kusimama, kwa hiyo huwezi kuunganisha protini mbili kuwa moja. Chagua vipande vya mfumo wa BsaI, kimeng'enya kinachokata DNA: mizunguko 30 ya nyuzi 37 na nyuzi 16, dakika 5 kila upande, kisha nyuzi 60 dakika 5.

Sasa tuje kwenye uzalishaji endelevu. Seti haikupi karibu chochote hapo, na ni vizuri timu ilijue hilo mapema. Chukua nili ya kutia rangi jinzi. Kimeng'enya cha bakteria E. coli yenyewe hugeuza triptofani (asidi amino) kuwa indoli. Jeni moja ya ziada, ile ya kimeng'enya FMO, huigeuza indoli kuwa indoksili, na hewa humalizia nili. Jeni hiyo ina herufi 1,400 hivi, na ni bora kupanga tangu mwanzo kuiagiza kwa kampuni ya kusanisi DNA. Kisha kuna mtego: ukitia glukosi ili bakteria wakue haraka, seli huzima kimeng'enya cha triptofani na buluu haitokei. Tumia triptofani gramu 2 kwa lita, na chupa usiijaze zaidi ya moja ya tano, maana bila oksijeni hakuna nili.

Hata buluu ikitokea, fundi wa rangi atakuuliza jambo ambalo maabara haijaliwaza. Nili haiyeyuki kwenye maji, na viwanda huiyeyusha kwa sodiamu dithionaiti, kemikali ambayo ndiyo sehemu kubwa ya uchafu wenyewe. Kuzalisha nili kwa bakteria hakuondoi tatizo hilo. Timu ya iGEM ya 2013 ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na baadaye utafiti wa 2018 wa maabara ya John Dueber katika chuo hichohicho, ililenga hapo: funga indoksili kwa sukari iwe indikani inayoyeyuka, kisha kimeng'enya kingine kiifungue juu ya kitambaa. Gharama yake inahesabika: gramu 1 ya nili inataka zaidi ya gramu 2 za indikani, na kila molekuli ya indikani imebeba glukosi yake. Swali kama hilo linapaswa kuulizwa kiwandani kabla ya kuchora plazmidi, na iGEM inafanya vyema kuzipa alama timu zinazoonyesha jinsi ushauri wa wataalamu ulivyobadilisha mradi wao.

Kwa timu za huku kwetu, ombeni kibali mapema. Mkishaingiza DNA kwenye bakteria, mna kiumbe kilichobadilishwa vinasaba: Kenya mnaanza na NBA (Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia), chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009; Tanzania, Ofisi ya Makamu wa Rais. Bajeti iwe na dawa ya klorini pia. Kila chupa iliyotumika itiwe dawa hiyo hadi iwe asilimia 10 ya mchanganyiko, ikae dakika 30 kabla ya kumwagwa, na chochote kilichotiwa klorini kamwe kisiingizwe kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke).