Nilinunua gita jipya 2025, namba yake inasema 2021

Februari 2025 nilichukua gita la umeme, Fender Player Stratocaster nyeupe, kwenye duka moja la vyombo vya muziki Kariakoo. Nilikuwa nimedunduliza mwaka mzima na ushee. Risiti ya EFD ninayo, boksi ninalo, na mpaka saa kumi na mbili jioni hakukuwa na mtu mwenye furaha kunizidi Sinza nzima.

Tukaenda mazoezini. Mpiga besi wetu, ambaye hana dogo, akaligeuza gita, akamulika kisogo cha kichwa kwa tochi ya simu. Pale chini ya vanishi pana namba, inaanza na MX21. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, hili la mwaka ishirini na moja. Umepigwa. Huu mtumba."

Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu usiku ule.

Kusoma namba hakukosea. MX ni Meksiko, kwenye kiwanda cha Ensenada, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. Ndivyo wanavyoandika tangu 2010 hivi. Magita ya huko ya miaka ya 2000 yalianza na MZ, ya miaka ya tisini MN. Alichokosea ni kudhani mwaka wa kuzaliwa gita ndio mwaka ambao mtu wa kwanza alianza kulipiga.

Kesho yake nikarudi dukani nimekunja uso. Mzee wa duka wala hakupandisha sauti. "Mwanangu, gita si mkate." Akashusha mengine mawili toka juu ya kabati, akanionyesha visogo: moja MX22, lingine MX20, yote hayajawahi kutoka kwenye mifuko yake. Kisha akanieleza safari. Namba inabandikwa kiwandani, gita likiwa halijapata hata mnunuzi. Likitoka huko linakaa ghala la kampuni, linakwenda kwa msambazaji, linasubiri kontena lijae, linafika bandarini, linatolewa, ndipo linapanda kabati la Kariakoo. Rangi ikikosa wapenzi, linabaki juu huko. Nyeupe, kumbe, haitembei sana. Watu wanataka nyeusi, au ile ya kahawia inayofifia kuelekea katikati.

Na mwaka wenyewe ukumbuke. Mwanzoni mwa Korona, 2020, viwanda vya magita vilisimama. Kisha watu waliofungiwa ndani wakaanza kutaka magita kwa fujo, maagizo yakarundikana, makontena nayo yakawa adimu. Mbio zilipopoa, mzigo mwingi ukabaki kwa wauzaji. Halafu 2024 Fender wakatoa toleo jipya, Player II, hivyo Player ya kwanza iliyobaki ikawa mzigo wa zamani hata kama haijaguswa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bei yangu ilikuwa tamu.

Kuna ushahidi mwingine niliokuwa naukanyaga kwa vidole bila kujua. Ubao wa mbele wa shingo ya gita langu ni wa mti uitwao pau ferro. Mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini, ulibana biashara ya miti yote ya jamii ya rosewood, mbao iliyozoeleka kwenye shingo za magita, na pau ferro ikashika nafasi yake kwenye magita mengi. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa 2019, na Player II ikaja na rosewood. Kwa hiyo hata namba ingefutika, mbao ingesema.

Lakini maneno ya muuzaji ni maneno ya muuzaji, nikalikagua mwenyewe kwenye mwanga wa mlangoni. Nailoni ya kulinda bamba la plastiki la mbele bado imeganda kotekote, haina mikwaruzo ya piki, kile kidude cha kupigia nyuzi. Freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, hazina hata alama moja ya nyuzi. Gita lililopigwa sana huonyesha vijishimo kwenye freti, chini ya nyuzi. Skrubu nne za bamba la nyuma ya shingo hazijachunwa na bisibisi. Mkono wa kutikisia sauti na funguo zake vimo kwenye kifuko kilichofungwa. Kitu pekee kilichozeeka ni nyuzi: ya kwanza na ya pili zilikuwa na madoa ya kutu, vidole vikatoka vyeusi. Joto la Dar na hewa ya bahari, miezi kwenye kabati, ungetarajia nini?

Hapo ndipo lawama yangu kwa duka ilipo. Mtu anayeuza gita la milioni mbili na ushee abadilishe nyuzi, na aseme mapema kwamba mzigo ni wa miaka kadhaa. Kunyamaza kwake ndiko kulikoninyima usingizi, gita lenyewe halina kosa.

Kuhusu gita: shingo ilikuwa imepinda mbele kidogo, fundi akaigeuza ile fimbo ya chuma ya ndani robo mzunguko, ikatulia. Pikapu ya shingoni, yaani kinasa sauti kilicho karibu na shingo, ndiyo niliyoilipia. Ukipiga solo la dansi juu kule, freti ya kumi na mbili kwenda mbele, sauti inatoka ya mviringo na haichomi masikio. Nafasi ya pili na ya nne za swichi ya kuchagua pikapu zinafaa kwa ridhimu za kanisani. Pikapu ya nyuma kabisa ni kali kwa ampu yetu, yaani spika ya gita, naigusa mara chache.

Risiti itunze. Dhamana huhesabiwa kuanzia siku uliyonunua, kwa hiyo namba ya 2021 haikupunguzii kitu ukiwa na karatasi mkononi. Mzee wa duka alinipa seti mbili za nyuzi namba tisa na mkanda. Ningelikigeuza kile kisogo kabla ya kulipa, ningeomba laki mbili zipungue, na nadhani angekubali.