Modeli ya seli ya plastiki: nzuri kwa tando, inapotosha kwa visivyo na utando

Miaka mingi nimefundisha seli kwa chaki. Mwaka huu nikapata modeli ya seli ya mnyama, ile ya plastiki ya kufunguka katikati, kipenyo sentimita 40, vipande vyote vinachomoka. Nimeitumia muhula mzima na madarasa matatu, na imeshaanguka mara moja. Naipa nyota tatu kati ya tano. Hizo mbili nilizobana zimepotea kwa kosa moja: aliyeitengeneza amevisha ngozi kila alichokikuta.

Kwanza haki yake. Mitokondria, kiwanda cha nishati cha seli, imetengenezwa na mtu anayejua anachofanya. Inafunguka kama ganda, unaona utando wa nje ukiwa laini na wa ndani ukiwa umekunjwakunjwa. Mwanafunzi anapitisha kidole kwenye mikunjo ile na hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba hapo nafasi ya kufanyia kazi imeongezwa. Kiini nacho kina tando mbili na matundu yake, na retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, inajibana kwenye utando wa nje wa kiini kwa vishikizo, kama inavyopasa, kwa sababu kwenye seli halisi utando huo ni mmoja unaoendelea. Modeli nyingi huiacha retikulamu ikielea peke yake kama kitambaa kilichodondoka.

Lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea taka za seli, ni kijimpira cha kufungua, ndani kimepakwa rangi nyekundu. Hapo nilifundisha somo zima kwa kipande kimoja: ndani pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu unazidi) ni kama 5, nje kwenye saitosoli, ule umajimaji wa seli, ni kama 7.2, na bila utando tofauti hiyo isingedumu. Kwa hili la kwa nini utando upo, modeli ilinisaidia kuliko kitabu.

Shida ilianza na swali. Binti mmoja alichomoa nukleoli, lile doa la ndani ya kiini, akaigonga mezani, ikalia ko! Akauliza, "Mwalimu, mbona na hii ina gamba?" Akaigeuza akitafuta inapofungukia. Ni mpira mgumu unaong'aa, umezungushiwa mstari mweusi uleule uliotumika kuonyesha utando wa lisosomu. Lakini nukleoli haina utando hata mmoja. Ni RNA na protini zilizojikusanya palepale zinapoundwa sehemu za ribosomu, vile vitengeneza protini vya seli, na mbili zikikutana zinaweza kuungana zikawa moja. Siku hizi modeli ikiwa mezani naweka pembeni glasi ya maji yenye matone mawili ya mafuta. Nayasukuma kwa kijiti yakutane. Darasa linaelewa kabla sijamaliza sentensi.

Sentrioli, mitungi midogo inayosaidia seli kugawanyika, ndiyo iliyoniudhi zaidi. Wametengeneza mitungi miwili iliyozibwa ncha zote na kupakwa mstari uleule mweusi. Kinachofanya sentrioli iwe sentrioli ni mafungu 9 ya mirija ya protini, kila fungu mirija mitatu, na nchani hakuna kifuniko. Nilikata zile ncha kwa msumeno mdogo, nikapanga ndani mirija 27 niliyoikata kutoka kwenye vijiti vya plastiki vya usafi wa masikio. Jioni nzima iliisha hapo, na gundi bado iko kwenye saa yangu.

Ribosomu ni shanga zilizogandishwa juu ya retikulamu. Modeli ilipoanguka, zaidi ya thelathini zilitawanyika sakafuni. Wanafunzi wakaziokota, na hapo tukapiga hesabu: seli ya maikromita 20 ikikuzwa iwe sentimita 40, imekuzwa mara 20,000. Ribosomu ya nanomita 25 hivi ingetakiwa iwe nusu milimita, punje ya mchanga. Shanga zetu ni milimita 5. Utando wenyewe, wa nanomita 7 au 8, ungekuwa milimita 0.15, unene wa karatasi nzito kidogo, ila ganda la modeli ni nene kama ubao. Hilo nawasamehe, plastiki nyembamba kama karatasi isingemaliza wiki. Ila zile shanga sikuzirudisha zote kwenye retikulamu. Nusu nimezimwaga ndani ya seli, kwa sababu ribosomu nyingi huelea huru kwenye saitosoli na modeli haikuwa na hata moja ya namna hiyo.

Halafu ule utupu! Kati ya vipande hakuna kitu. Hakuna nyuzi wala mirija ya kuishikilia seli. Nimetandaza uzi wa kushonea kutoka ganda hadi ganda, na sasa kufunga modeli ni kazi, maana nyuzi zinabanwa kwenye kiungo cha kati.

Stendi ni imara, rangi hazijachuja. Kijitabu chake ni cha kutupa, kinaorodhesha nukleoli chini ya kichwa "vyenye utando". Mkiinunua, shikeni msasa mkaondoe ile mistari myeusi kwenye nukleoli na sentrioli kabla wanafunzi hawajaiona. Mstari wa lisosomu uacheni.