Mashine ya umeme ya misuli: paja langu baada ya miezi miwili

Nilivunjika pia ya goti la kushoto nikishuka mashua gatini. Maji yalikuwa yamekupwa, ngazi imeshika ukoga, na mkononi nina mfuko wa vitambaa nilivyovifuata Mokowe. Goti likapiga jiwe. Nilikaa na plasta wiki sita, na siku ilipokatwa nililia, wala si kwa maumivu. Mimi ni fundi cherehani hapa Langoni, Lamu. Nashona mabuibui na madera mwaka mzima, na kanzu msimu wa Maulidi ukikaribia. Futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu. Nikapima mapaja, vidole vinne juu ya goti: la kulia sentimita 47, la kushoto 43.

Kukonda kwenyewe ningekuvumilia. Kilichonitisha ni kwamba nikiuambia msuli wa mbele wa paja ukaze, haukazi. Nalitazama paja langu mwenyewe, natia nia, naona ngozi inacheza kidogo tu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu mmoja haukwendi nayo kutwa nzima. Dada anayenifanyisha mazoezi ya viungo akanieleza kwamba goti likiumia na kuvimba, mishipa ya fahamu huuzuia msuli ule usikaze kwa nguvu, kana kwamba mwili unalilinda goti. Msuli ukikaa bila kazi unanyauka, na ukishanyauka unazidi kushindwa kazi. Umeme unaingia hapo: unaupiga mshipa wa fahamu moja kwa moja pajani, msuli unakaza bila kungoja amri ya kichwani. Lakini alinisisitizia, "Mashine na mazoezi, si mashine badala ya mazoezi."

Niliagiza kwenye duka moja la Mombasa, shilingi 4,800. Ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Ndani ya boksi mna kimashine kinachoenea kiganjani, nyaya mbili, vibandiko vinne, waya wa chaji kama wa simu, na kijitabu chenye maandishi madogo mno. Muuzaji aliandika kwenye tangazo lake kwamba inayeyusha mafuta ya mapaja ukiwa umelala. Hilo si kweli, na limeniudhi, maana najua wanawake wenzangu watakaotoa pesa ya chakula kwa ajili ya maneno yale. Mashine hii inakaza misuli. Haiondoi mafuta.

Siku tatu za mwanzo nilipoteza bure. Kimashine kina sehemu mbili, TENS na EMS, nami sikujua tofauti. Niliweka TENS, paja likanyenyereka kama limepandwa na sisimizi, nikaridhika kwamba dawa inaingia. Kumbe ile ni ya kutuliza maumivu. Ya kukaza misuli ni EMS. Dada wa mazoezi alipoibadilisha na kuweka mapigo 50 kwa sekunde, nilishika ukingo wa kitanda. Kwanza sisimizi wale wale, kisha msuli ukajikusanya wenyewe juu ya goti, mgumu, kama kamba ya tanga inapovutwa. Wiki nane zilikuwa zimepita sijauona msuli ule. Mapigo yakiwa machache, matano kwa sekunde hivi, msuli unarukaruka tu. Yakiwa mengi yanashikana na unakaza mfululizo. Kijana wangu wa sekondari akaniambia habari za Galvani, Mtaliano wa Bologna aliyeandika mwaka 1791 jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyorusha mateke ilipoguswa na umeme. Nilimwelewa upesi, kwa sababu paja langu lilikuwa linafanya vile vile mbele yangu.

Utaratibu niliopewa ni huu: nakaa kitandani, mguu umenyooka, taulo imekunjwa chini ya goti. Kibandiko kimoja juu ya paja upande wa nje, kingine chini karibu na goti upande wa ndani. Umeme sekunde 10, mapumziko sekunde 50, mara kumi. Utaratibu huo wa kumi kwa hamsini ulitoka Urusi enzi za Kisovieti, kwa mwanasayansi aitwaye Kots aliyekuwa akiwashughulikia wanamichezo. Mapumziko yale marefu mwanzo niliyaona ni kupoteza wakati. Siyo. Ukikaza msuli mwenyewe, mwili unazipa nyuzi zake zamu, kama wapiga makasia wanaopokezana. Umeme haujui zamu. Unazishika nyuzi zile zile zilizo karibu na kibandiko, zote pamoja, kila mara, kwa hiyo zinachoka haraka. Na kila umeme ukija, nami nakaza kwa nia yangu. Nikikaa tu kuitazama mashine inifanyie kazi, naona kabisa kwamba kesho yake mguu haujifunzi kitu.

Wiki ya pili nilikosea kwa tamaa. Niliwasha nusu saa, nguvu juu kabisa, na siku mbili zilizofuata nilipanda ngazi za nyumba yetu kwa makalio. Ngazi za mawe za Lamu mnazijua zilivyo. Niliporudi kwa dada wa mazoezi hakunicheka. Aliniuliza rangi ya mkojo. Msuli ukilazimishwa kupita kiasi unaweza kuvunjika na uchafu wake ukaumiza figo, na mkojo mweusi kama soda ya kola ni wa kukimbizwa hospitali. Wangu ulikuwa salama. Tangu hapo napandisha nguvu kidogo kidogo, mpaka msuli ukaze vizuri na niweze kuvumilia, basi.

Sasa vibandiko, maana hapa ndipo mashine ilipopoteza kwangu nyota moja kati ya tano. Joto letu na jasho letu havipatani navyo. Vya kwanza vilikufa gundi baada ya mara kumi na mbili. Kosa jingine lilikuwa langu: napaka mafuta ya nazi miguuni kila baada ya kuoga, na gundi haishiki juu ya mafuta. Sasa naosha paja kwa sabuni, nakausha, ndipo nabandika. Nikimaliza navirudisha kwenye plastiki yake na kuvifungia kwenye mfuko. Vikianza kukauka, tone la maji kwa ncha ya kidole linavifufua siku mbili tatu. Kibandiko kilichoinuka ukingo usikitumie. Umeme unakusanyika pale palipobaki na unachoma kama sindano. Vipya vinne ni shilingi 600, na sijavipata kisiwani; mpaka Mombasa.

Jioni, nikishakaa kitini kutwa, navihamishia kwenye shavu la mguu kwa mapigo machache, robo saa. Msuli ule ukirukaruka unaikamua damu kuipandisha juu, na miguu iliyokuwa mizito inakuwa myepesi. Kutembea hadi Mkomani na kurudi kunafanya kazi hiyo hiyo, nami nikiweza natembea.

Jirani zangu wameanza kuiazima, na hapo nimekuwa mkali. Shangazi yangu ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kifuani: nilimkatalia, na nitaendelea kumkataa hata akinuna. Mwenye mimba, mwenye kifafa, mwenye saratani, aulize daktari kwanza. Mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla, una joto na unauma, asibandike chochote, aende hospitali, huenda ni damu imeganda ndani. Na visibandikwe kifuani, shingoni, wala juu ya kidonda.

Jana imetimia miezi miwili. Paja la kushoto ni sentimita 45 na nusu. Siwezi kusema ni mashine peke yake, kwa sababu pia nilikuwa nainua mguu uliolala kila asubuhi na kupanda ngazi zile kwa kuhesabu. Ila najua ni siku gani msuli uliniitikia kwa mara ya kwanza, na waya ulikuwa umeungwa. Kanzu za Maulidi nimezianza. Nakanyaga kwa miguu yote miwili mpaka adhuhuri, kisha wa kushoto unaomba kupumzika. Sijda naiweza, na mto mwembamba chini ya goti. Kukaa tahiyatu bado, nanyoosha mguu pembeni. Nimeagiza vibandiko vingine vinane.