Fistula ya mkononi kabla ya kuanza kusafisha damu: uzoefu wangu

"Mwalimu, ubaoni unaandikia mkono gani?" Ndivyo alivyoniuliza daktari wa figo wa kliniki ninayotibiwa siku aliponiambia figo zangu zimebaki na uwezo wa asilimia 14. Mimi nawaza nani atanilelea watoto, yeye anauliza mkono. Nikasema wa kulia. Akaushika wa kushoto, akafunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mishipa taratibu mpaka kwenye kifundo. Kuanzia leo, akasema, mkono huu usichomwe sindano, usitolewe damu, usifungwe kipimo cha presha. Ndio utakaokubeba kwenye mashine ya kusafisha damu.

Nina presha miaka 11 na sukari miaka 6. Naandika kwa ajili ya yeyote aliyeambiwa "ujiandae" akarudi nyumbani hajui aanzie wapi. Anzia mkononi.

Kwanza jina lenyewe. Niliposema nyumbani kwamba nafanyiwa upasuaji wa fistula, mama mkwe alishika kichwa, maana huku kwetu fistula tunayoijua ni ile ya uzazi. Siyo hiyo. Hapa daktari anaunganisha mshipa unaoleta damu kutoka kwenye moyo na ule unaoirudisha, chini ya ngozi ya mkono. Ule wa kurudisha unapata msukumo mkubwa kuliko uliozoea, unapanuka na kukomaa, hadi unahimili sindano mbili nene mara tatu kwa wiki.

Upasuaji wenyewe haukunitisha. Walipiga ganzi mkono tu, nikawa nawasikia wanazungumza, jioni nikalala kwangu. Kilichonichosha ni kusubiri. Wiki ya sita wakasema bado. Nikaendelea kuminya mpira mdogo wa mwanangu kila jioni nikisahihisha madaftari, ndoo ya maji nikawaachia watoto, na saa nikahamishia mkono wa kulia.

Siku ya kutoa nyuzi, sista alichukua vidole vyangu viwili akaviweka juu ya kovu. "Sikia, mama." Nikasikia mtetemo, kama simu inayoita chini ya mto. Akasema ndivyo inavyotakiwa, niuguse kila asubuhi kabla sijainuka kitandani. Siku nikikuta kimya niende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu damu itakuwa imeganda. Mpaka leo ndicho kitu cha kwanza ninachofanya nikiamka.

Mtaalamu wa lishe wa pale nampa sifa zote. Hakunipa karatasi ya makatazo, aliniuliza jana nimekula nini. Madafu, ndizi na parachichi akaniambia nipunguze sana, kwa kuwa potasiamu yangu ilikuwa juu na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Viazi nikate vidogo, nichemshe kwa maji mengi, maji nimwage. Nyama na mayai nile kidogo. Nilipoanza mashine akageuza: sasa ongeza mayai na samaki, kwa sababu mashine inaondoka na sehemu ya protini. Kwa hiyo usifuate lishe ya mgonjwa mwenzako, huenda yeye yuko hatua nyingine.

Lawama yangu ni chanjo ya homa ya ini B. Mgonjwa wa figo hupewa dozi kubwa kuliko ya kawaida, kwa awamu nne ndani ya miezi sita, na mwili huipokea vizuri zaidi figo zikiwa bado zina nguvu kiasi. Mimi niliambiwa siku ya kutoa nyuzi. Nilianza mashine bado sijamaliza. Iulize wewe mwenyewe, usisubiri kukumbushwa. Na maabara moja ya mtaani nusura wanitoboe mkono wa kushoto huku nimeshawaambia. Ilibidi niuvute. Siku hizi nauficha chini ya khanga kabla sijaketi.

Wiki ya 11 nikachomwa kwa mara ya kwanza. Inauma, sitakudanganya, ila maumivu yanapita wakishafunga plasta, halafu ni kulala kwa muda wa saa nne ukitazama damu yako inazunguka. Kitanda cha pembeni alikuwepo mama mmoja aliyefikishwa hospitali anahema kwa shida, mapafu yamejaa maji, ikabidi awekewe mpira wa shingoni wa kumuunganisha na mashine usiku huo huo. Siku ile alikuwa anatetemeka kwa homa, mpira umeingia wadudu. Alinitazama mkono akauliza, "Wewe walikuambia lini?" Nikamwambia. Akasema yeye alijulishwa kuhusu figo mwaka mzima kabla, ila mkono hakuna aliyemtajia.

Naipa kliniki hii nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya chanjo.