Etasivili ya komini, Lubumbashi: kuandikisha jina la mtoto

Nyota 3 kati ya 5, na moja ni ya sheria, si ya huduma ya dirishani. Katika etasivili, yaani ofisi za kuandikisha vizazi kwenye komini (manispaa) za Lubumbashi, anayejua anachoomba huhudumiwa vizuri. Asiyejua hutoka na karatasi isiyofaa. Sertifika (cheti) ya materniti, yaani wodi ya uzazi, inathibitisha tu kwamba mtoto alizaliwa. Atestasioni (barua ya uthibitisho) nayo si akti (cheti rasmi). Omba akti ya kuzaliwa, ile inayoandikwa kwenye rejesta. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inatoa siku 90, bila malipo. Zikipita, utatafuta hukumu ya mahakama ya watoto, na pesa zitaanza kutoka.

Penye utata ni jina. Kodi ya Familia ya 1987, yaani kitabu cha sheria za familia, inataka majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa Kongo. Huko ni kuendeleza siasa ya Mobutu, aliyepiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972. Marufuku ililegea, prenomu (majina kama yale ya Kikristo) zikarudi, na leo watu wengi wana jina, postinomu (jina la nyongeza) na prenomu. Tukisema haki, kifungu hicho kimesaidia: Mbuyi na Kabanga bado hujulikana kuwa mapacha, hata kwenye diploma.

Sheria inalinda jina, tahajia imeachwa yatima. Karani huandika kwa sikio la Kifaransa: Chanda wa Kibemba anakuwa Tshanda, Ngoy anakuwa Ngoie. Herufi moja ikipishana kati ya akti, diploma na paspoti, unarudi mahakamani. Kwa hiyo andika majina yote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpe karani, halafu kagua rejesta kabla ya kutia saini.

Kuna na swali la asili, yaani mzazi anatoka wapi: provinsi, teritwari, sekta (ngazi za utawala). Karatasi nyingi za nchi hii hulibeba. Katiba ya 2006, kifungu cha 51, inaipa serikali wajibu wa kuhakikisha makabila yanaishi pamoja kwa amani. Lakini Katanga, eneo la Lubumbashi, ndiko Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walikofukuzwa mwaka 1992 na 1993, na mzazi anayesita kujibu ana sababu. Karani mzuri huandika na kuendelea. Mbaya huanza utani wa kabila, na foleni nzima inasikia.

Rejesta ni ya Kifaransa, ingawa Katiba hiyohiyo inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha za taifa. Asiyesoma Kifaransa aende na anayekisoma, asomewe mstari kwa mstari, ndipo asaini.